Mchapaji wa Kondele auliza: Romeyn de Hooghe alikuwa mtu wa nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninachapa tisheti na mabango hapa Kondele, Kisumu, na msimu wa kampeni ndio unaonilipia kodi ya duka. Mwenzangu alinitajia Mholanzi Romeyn de Hooghe, eti alichapa picha za siasa karne ya 17. Alizichapaje, na alikuwa mtu wa nani? – Mchapaji, Kondele

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nimefundisha uchapaji wa picha hapa Nakuru miaka mingi, na huyo ndiye ninayemtaja kwanza mwanafunzi akitaka kujua picha ina nguvu gani.

Alizaliwa Amsterdam mwaka 1645. Alichukua bamba la shaba, akalipaka nta, akachora kwa sindano mpaka shaba ikaonekana, kisha akalitia asidi. Asidi hula penye mistari tu. Wino hupakwa na kufutwa, ukabaki ule uliozama. Bamba na karatasi yenye unyevu vikapitishwa chini ya rola. Picha hutoka imegeuka, kwa hiyo herufi zote aliziandika kinyumenyume. Wewe unayechapa kwa skrini huna taabu hiyo.

Alikuwa mtu wa William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi, waziwazi. Mwaka 1672 Wafaransa waliivamia Uholanzi, wakachoma vijiji vya Bodegraven na Swammerdam. De Hooghe alichora ukatili ule, na picha zikatoka kitabuni 1673. Nyuma nyumba zinawaka, mbele watu wanachinjwa. Huoni pa kupumzisha jicho. Vijiji vilichomwa kweli, lakini nani alale wapi na nani akutazame aliamua mchoraji, na hasira ile ilimfaa William vitani. Ninaziheshimu picha hizo, ila sizionyeshi darasani bila kulisema hilo.

William alipotwaa ufalme wa Uingereza 1689, De Hooghe alikuwa bado upande wake, akiwadhihaki Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, na James wa 2, mfalme wa Uingereza aliyeng'olewa. Mwaka uliofuata William alizozana na wakuu wa Amsterdam, na mchoraji akaingia ugomvini. Wapinzani wake walimjibu kwa vijitabu: hamjui Mungu, anachora picha chafu. Alifariki Haarlem 1708.

Usianze na picha za vita. Tafuta zile 71 alizochora kwa kitabu cha mieleka cha Nicolaes Petter, cha 1674. Humo hamna mfalme wala chama, ni wanaume wawili wanakabana kola na kuangushana. Nakili moja kwa kalamu, utazame anavyoubeba uzito wa mwili kwa mistari michache.