Ninunue kamera gani kwa makala ya medianuwai?

Mkuu, umeuliza ununue kamera gani kwa sababu mhariri anataka makala yenye maandishi, picha, sauti na video kwa pamoja. Mimi kamera haijawahi kuniangusha. Sauti ndiyo imeniumbua, tena zaidi ya mara moja.

Makala yangu ya kwanza ya aina hiyo ilimhusu seremala aliyepofuka ukubwani lakini hajaacha kazi. Nilimhoji dakika 40 sebuleni kwake, sikuvaa hedifoni. Kufika kwenye kompyuta, friji inanguruma mwanzo hadi mwisho. Nilipojaribu kuuondoa mngurumo, mzee akawa anaongea kama yuko ndani ya pipa. Siku hizi naomba friji izimwe, na funguo zangu naziweka humo humo ili nisiondoke bila kuiwasha. Kabla ya kuaga narekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba. Hizo ndizo zinazoziba mapengo ya sauti wakati wa kuhariri.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Yote aliyosema kwenye video niliyaandika tena kwenye maandishi. Aliyesoma hakuwa na sababu ya kutazama, na aliyetazama hakuwa na sababu ya kusoma. Mhariri akaniuliza tu: kipi hapa hakiandikiki? Nikarudi kwa mzee. Nikarekodi randa ikipita kwenye ubao, ikasimama, kimya, vidole vikipapasa, kisha randa tena. Sekunde 50, bila neno. Nikafuta aya tatu nzima nilizokuwa nimejisifia jinsi nilivyoeleza anavyopima kwa vidole. Iliniuma, sikatai. Habari za ugonjwa na miaka yake nikaziacha kwenye maandishi, maana tarehe zikisomwa kwenye video zinachosha.

Watakutajia "Snow Fall", makala ya medianuwai ya gazeti la New York Times la Marekani ya Desemba 2012, kuhusu maporomoko ya theluji katika jimbo la Washington, iliyopata tuzo ya uandishi ya Pulitzer mwaka 2013. Isikutishe. Ilichukua miezi kama sita na kikosi kizima cha watu. Cha kuiga ni kimoja: mchoro unaotembea juu ya mlima unakuja pale pale msomaji anapohitaji kujua nani yuko wapi, haukuwekwa kwa urembo.

Weka maandishi ya yanayosemwa chini ya picha ya video, wengi hutazama simu ikiwa kimya. Video isijiwashe yenyewe. Na ukurasa ujaribu kwenye simu ya kawaida, mtandao ukiwa dhaifu, siyo kwenye kompyuta ya ofisini.

Kwa hiyo anza na simu uliyo nayo. Pesa ya kamera nunulia maikrofoni ya kubana kwenye kola na hedifoni za kuziba masikio. Ukitaka nikutajie aina, sema kwanza utamhoji nani na wapi, kwa sababu maikrofoni ya chumbani na ya kwenye upepo si moja.