Jibu kwa kijana wa soko la Mwanjelwa, Mbeya: simu, baridi na Alfajiri

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Unasema simu inakukesha, swala ya Alfajiri inakupita, na ukisimama kuswali mawazo yote yako dukani.

Anza na usiku. Alfajiri huipotezi asubuhi, unaipoteza saa sita usiku video zikiendelea. Simu ilale chumba kingine. Tia udhu, soma Ayatul Kursiy (aya ya 255 ya sura Al-Baqara), kisha sura za Ikhlas, Falaq na Nas, upulizie viganja na ujipanguse mwili, mara tatu, kama alivyofanya Mtume (s.a.w.).

Baridi ya Mbeya mwezi Juni na Julai tunaijua sote. Ila Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume, wamepokea kwamba mtu akilala shetani humfunga mafundo matatu kisogoni: akiamka akamtaja Allah linafunguka moja, akitawadha la pili, akiswali la tatu. Kwa hiyo usingoje kwanza usikie hamu ya kuamka. Mtaje Mola wako ungali chini ya blanketi, fundo moja limeshaondoka. Maji yachemshe jioni uyaweke kwenye chupa ya chai, hakuna aliyekukataza.

Mawazo ndani ya swala yalimsumbua hata sahaba, Uthman bin Abil-As. Akaambiwa huyo ni shetani aitwaye Khinzab, ajikinge kwa Allah na ateme kushoto mara tatu. (Ni kupuliza kwa mate kidogo tu, usije ukamlowesha mwenzako kwenye safu.)

Kama na matamanio yanakusumbua na kuoa bado, funga Jumatatu na Alhamisi. Futari utaipata hapo hapo sokoni.