Vespa PX nimeifunga bloku ya 177, moto upo, petroli ipo, lakini haiwaki

SWALI: Asalaam aleikum kaka fundi. Mi niko Unguja, nina Vespa PX 150 ya zamani. Shemeji yangu kaniletea bloku ya sisi 177 (silinda kubwa na pistoni yake) toka Italia, nikaifungisha pamoja na kabureta ya 24 ya PX 200 na eksozi ya resi, na fundi alipofungua akabadilisha sili zote mbili za krenki. Toka siku hiyo haijawahi kuwaka. Plagi nikiitoa inaruka moto vizuri tu, ila imelowa chapachapa. Nikipiga kiki saa nyingine inanirudisha mguu kwa nguvu, na saa nyingine inapiga pah kwenye kabureta. Tumeshabadilisha plagi, CDI (kile kisanduku cha umeme cha kutoa moto wa plagi) na jeti za kabureta. Sa hizi fundi anasema bloku ni feki. Nifanyeje?

JIBU: Wa aleikum salaam mdogo wangu. Hiyo bloku usiitupe kwanza, na usinunue kitu kingine tena, maana kwa maelezo yako hela inaenda kwenye vitu ambavyo havina kosa. Kuna mambo mawili umeyataja ambayo kwangu mimi yana uzito kuliko mengine yote, kiki kurudisha mguu na ule mlio wa pah kwenye kabureta. Injini ya mipigo miwili, yani tustroku, ikifanya hivo jambo la kwanza kushuku ni taimingi, moto unakuja mapema mno, pistoni bado iko njiani inapanda. We ukiitoa plagi nje ukaiona inaruka cheche unajua moto upo, lakini hujui muda ule pistoni iko wapi.

Sasa sili ya upande wa feni huwezi kuibadilisha bila kutoa flaiwili (lile gurudumu zito lenye mapezi ya feni) na ile sahani inayobeba koili, kwa iyo vyote viwili viliguswa. Hapo ndo pa kuanzia. Flaiwili ya Vespa inakaa kwenye koni ya krenki, na kuna kile kichuma cha nusu mwezi wanakiita kii. Watu wengi wanadhani kii ndo inashika flaiwili, siyo kweli, kinachoshika ni koni yenyewe ikiwa imebanwa sawasawa na nati, kii kazi yake ni kuonesha mahali tu. Nati ikibanwa kwa kubahatisha, au koni ikabaki na oili au kutu (na kwa hewa ya chumvi ya huko kutu haichelewi), mapigo mawili matatu ya kiki yanatosha flaiwili kuteleza, kii inakatika, na toka hapo moto unaruka popote pale wakati kwa nje huoni kitu. Unaweza kubadilisha CDI hata gunia zima, haitawaka.

Kwa hiyo toa flaiwili kwa pula yake, usigonge na nyundo wala usitie bisibisi nyuma yake, utavunja mapezi ya feni na utaumiza krenki. Itazame kii. Ikiwa imekatika au imeingia ngazi hata kidogo, weka mpya, safisha koni pande zote mbili kwa petroli na kitambaa mpaka iwe kavu kabisa, na kama ina mikwaruzo isage taratibu kwa ile pesti ya kusagia valvu kisha ifute yote isibaki hata chembe. Halafu nati ibanwe nyutoni mita 60 hadi 65 kwa torki renchi, azima kama huna.

Kabla hujarudisha flaiwili angalia na sahani ya koili. Ina alama, na kwenye kesi ya injini kuna alama, za PX nyingi utakuta A na IT. Kwa bloku ya 177 anza na IT, ambayo inakupa karibu digrii 18 kabla pistoni haijafika juu kabisa. A inawahisha moto zaidi, na kwa bloku kubwa iliyofungwa na eksozi ya resi hiyo ni njia ya kutoboa pistoni. Ukiizungusha sahani kufuata mzunguko wa feni unachelewesha moto, ukienda kinyume unauwahisha.

Kama alama zimefutika au huziamini, na mimi kwa injini iliyopita mikono mingi huwa siziamini, tafuta mwenyewe. Chukua plagi mbovu, toa kaure yake, tia bolti isiyo na makali iwe ya kuzuia pistoni, ifunge kwenye tundu la plagi. Zungusha flaiwili kwa mkono pole pole mpaka pistoni iguse, weka alama kwenye feni mbele ya alama moja uliyoichora kwenye kesi. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama nyingine. Katikati ya hizo alama mbili ndo pistoni iko juu kabisa. Sasa digrii 18 ni moja ya ishirini ya mzunguko mzima, kwa hiyo zungushia feni futi ya fundi cherehani, gawa kwa 20, basi. Tuseme mzunguko umetoka sentimita 60, digrii 18 zako ni sentimita 3. Alama hiyo ichore kwa rangi nyeupe ili siku ikiwaka uipige taa ya taimingi uhakikishe. Pistoni yenyewe ikiwa hapo inakuwa imebakiza karibu milimita 1.8 kufika juu, kwa anayetaka kupima kwa kina cha pistoni.

Wakati sahani iko nje zitazame na nyaya zake kwa makini. Hizi PX ganda la nyaya za koili linakauka kwa joto na kumeguka kama biskuti, alafu zinagusana nyuma ya flaiwili, leo moto upo kesho haupo. Kama una mita, kati ya waya mweupe na wa kijani inatakiwa isome karibu omu 500, mweupe na mwekundu karibu 110. Ikija mbali sana na hapo usibahatishe. Na unapojaribu moto hakikisha plagi imegusa chuma cha injini, usiache waya mkubwa unaning'inia hewani, CDI zinakufa hivo, na petroli iwe mbali.

Taimingi ikiwa sawa na bado inatema kwenye kabureta, hapo sikiliza inatema nini. Mlio wenye moto ni taimingi. Ikiwa ni ukungu wa petroli tu unarudi nje bila mlipuko, basi hewa inarudi kutoka kwenye krenki. PX haina ridi, yani vile vibati vyembamba vya kufungua na kufunga hewa, krenki yenyewe ndo inafunga mlango wa hewa kwa kupita karibu sana na kile kitako kwenye kesi, na kama kitako kimekwaruzwa na vyuma vya pistoni ya zamani, au kama krenki imechongwa kupita kiasi ili iende mbio, mchanganyiko unarudi na kuwaka kunakuwa taabu. Toa kabureta, zungusha krenki ifunge tundu, mimina oili kidogo juu yake. Ikishuka taratibu ni sawa, ikitoweka kwa mara moja hapo pana kazi kubwa ya kesi. Jambo ambalo hukulitaja ni kama krenki nayo ilichongwa, muulize fundi.

Kuhusu jeti, rudisheni tu zile za mwanzo. Injini kuwaka ikiwa baridi haitegemei jeti kubwa, inategemea choki na jeti ndogo ya sailensa, yani ya injini kunguruma bila kuvutwa mafuta. Jeti kubwa utaishughulikia baadaye ikishatembea, kwa kabureta ya 24 anza na 118 au 120, bora iwe tajiri kidogo, yani petroli izidi kuliko ipungue.

Na sasa injini imejaa petroli mpaka ndani ya kesi, kwa hiyo hata ukipanga kila kitu sawa haitawaka ukiiacha hivyo. Funga petroli kwenye tenki, toa plagi, chomoa waya wa plagi uubane kwenye chuma, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho na piga kiki mpaka isitoke ukungu tena. Tia plagi kavu, mwanya milimita 0.6, jaribu bila choki na petroli bado imefungwa. Ikishindwa, isukume kwa gia ya pili. Ukiona inajaa tena siku ya pili ingali imelala, tazama sindano ya floti kwenye kabureta.

Jambo la mwisho, kwenye hiyo injini tazama namba ya kesi. Kama siyo Piaggio bali ni ya LML ya India yenye ridi, bloku ya PX haiingiliani na njia zake za hewa, na hapo tatizo siyo feki, ni bloku isiyo ya injini hiyo. Hakikisha pia mshale juu ya pistoni unatazama eksozi.

Ikiwaka, tia oili ya tustroku mililita 30 kwa kila lita ya petroli kwa tenki la kwanza, usiifungue yote, halafu niandikie rangi ya plagi na kii uliikuta vipi.