Daftari la mkopo limejaa, majirani wananikwepa

*Shikamoo Shangazi. Nina duka dogo hapa Kibirizi, Kigoma, nilianza kwa hela ya kikoba. Majirani ndio ndugu zangu. Nilipojifungua walinipikia na kunifulia. Sasa wanakopa unga, sukari, sabuni, na deni limefika 380,000. Kila tarehe 30 nikidai wananuna. Kuna mama anazunguka njia ya nyuma asipite dukani. Mume wangu, ambaye ameajiriwa na huchukua vocha na sigara humo humo dukani, anataka nibandike tangazo: "Leo fedha, kesho mkopo." Nifanyeje? – Mama Duka*

Marahaba mwanangu.

Kukopesha si kosa. Duka la mtaani lisilokopesha, watu hulipita wakienda kwa mwenzako. Kinachokuponza ni hiyo tarehe 30. Umeitoa wapi? Mwalimu na karani sawa, wadai tarehe 30. Lakini nusu ya daftari lako, nina hakika, ni watu wa mwaloni, pale boti za uvuvi zinaposhushia dagaa, na mwaloni hakuna mwisho wa mwezi. Kuna giza na kuna mbalamwezi.

Wewe unakaa hapo, unaona. Dagaa hufuata taa, na taa hung'aa usiku ukiwa mweusi. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haziwavuti tena, basi boti zinapumzishwa wiki nzima au zaidi, na wanaume wanashinda wakishona nyavu na kucheza drafti. Huo mzunguko ni siku 29 na nusu, haujali kalenda yako ya ukutani. Kuna miezi tarehe 30 inaangukia katikati ya mbalamwezi, nawe unagonga mlango wa mtu ambaye hajashika shilingi siku tano. Lazima anune.

Kwa hiyo mvuvi mdai giza likishaingia, siku ya tatu au ya nne, mafuta ya boti yameshakatwa na kila mtu kapata mgao wake. Mama anayeanika dagaa ni habari nyingine, yeye analipwa na jua. Mvua za masika zikimharibia mzigo mchangani, mpe muda. Na hukumbuki 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa, watu wasivue, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15? Miezi mitatu hiyo ilikuwa kama mbalamwezi isiyozama. Zikitangazwa siku za namna hiyo, punguza mkopo mapema, ubaki na unga na chumvi tu.

Nami niliwahi kuuza mawese kwa mkopo Ujiji, na kilichonimaliza ni watoto. "Mama kasema uandike." Naandika. Kumbe mama hajasema lolote, mtoto anataka biskuti. Kubaliana na kila nyumba ni nani wa kuandikiwa, na mwisho ni shilingi ngapi, kiasi wanachoweza kulipa kwa giza moja. Aseme yeye mwenyewe, uandike akiona. Na usilisome daftari kwa sauti kukiwa na wateja wengine, hata kwa utani.

Sasa huyo mama wa njia ya nyuma. Wewe unaona kakudharau, mimi naona bado anakuheshimu. Mwenye dharau angepita mbele ya duka lako, akusalimie, akuulize habari za watoto, halafu akakope kwa mwingine. Huyu ana aibu. Nenda kwake jioni, daftari liache dukani. Kaa, kula alichopika. Ukiaga ndiyo umwambie, "Dada, pita mbele, hata ukileta elfu mbili mbili naandika." Usiongeze neno.

Wapo watakaokaa kimya giza mbili, tatu, na dagaa wanauza unawaona. Hao funga ukurasa wao. Msibani mtakutana, mtapikiana, ila sukari wanunue kwa fedha. Hutakuwa mbaya; mtaa mzima unawajua.

Tangazo usibandike. Aliyekufulia nepi za mtoto akisoma karatasi ile atajua imeandikwa kwa ajili yake. Tena mwambie baba watoto kwamba Shangazi ameuliza zile vocha na sigara zimeandikwa ukurasa gani. Kama hazimo, mfungulie wa kwake leo. Yeye ana mshahara, tarehe 30 inamhusu.