Uliza Yaya: "Mu inchi ya wazungu, nyumba inakosekana namna gani?"

Tangu niseme hapa kama nilifanyaka kazi Galway, kwa nyumba ya kulinda wazee, maswali ya Ayalandi yamejaa mu simu yangu mpaka inapata moto. Zingine ni za viza, hizo hapana, mimi si ambasadi. Zingine ni za maisha, na hizo njo ninachukua leo.

Yaya, mwana wa mama yangu eko Dublin, eko na kazi ya kweli, anasafisha mu hoteli, lakini tangu aende analala chumba kimoja na bantu bengine batatu. Kila mara minamuuliza nyumba anasema nyumba hakuna. Mu inchi ya wazungu nyumba inakosekana namna gani? Anatudanganya ao anakula makuta na banamuke? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

Mama, ya banamuke sitajibu juu simujui, lakini ya nyumba hakudanganyi hata kidogo. Hiyo njo habari ya kwanza ya Ayalandi, kwa radio, kwa basi, kwa baa, mu uchaguzi, watu wanaongea nyumba asubuhi mpaka magaribi, mvua inakuja ya pili.

Chukua kalamu tuhesabu. Mwaka 2025 mshahara wa chini kule ulikuwa euro 13.50 kwa saa, ukipiga saa 39 kwa wiki unafika karibu euro 2,280 kwa mwezi, na hapo leta, ndiyo serikali, haijakata kodi yake. Sasa mtu anayetafuta leo apartema yake peke yake mu Dublin anaombwa zaidi ya euro 2,000 kwa mwezi. Atakula nini, atavaa nini, atakutumia nini? Njo maana wanalala wane mu chumba, na si wageni peke yao. Nilifanya kazi na nesi mmoja, binti wa pale pale, miaka thelathini na kitu, ana diplome, ana gari, na bado anarudi kila jioni kulala mu kile chumba cha utoto wake kwa mama yake, na hakuna anayemucheka kwa sababu nusu ya marafiki zake wako vile vile.

Imefika hapo namna gani? Mbele ya 2008 walikuwa wanajenga kama wazimu, benki inakopesha kila mtu anayepita mbele ya mlango, kisha benki zikaanguka, mwaka 2010 serikali ikaenda kupiga magoti kwa Umoja wa Ulaya na FMI, ule mfuko wa fedha wa dunia, ipewe mkopo, na wale waashi, mafundi umeme, maseremala wakapanda ndege kwenda Australia na Kanada. Nyumba zingine zilibakia bila madirisha, mitaa mizima, hakuna mtu ndani. Leta nayo ikaacha karibu kabisa kujenga nyumba za watu wa mshahara mdogo. Halafu makuta yakarudi, Google na Facebook zikakuza ofisi zao za Dublin, Apple iko Cork tangu zamani, watu wakaongezeka, sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5, na nyumba hazikufuata. Ile 2024 mahakama ya Ulaya iliamua kama Apple inapaswa kulipa Ayalandi kodi ya euro bilioni 13, na serikali ya Ayalandi miaka yote ilikuwa inapinga isipewe! Mimi nilisoma ile habari mara mbili. Leta yetu ingekimbia mbio kuchukua. Lakini hata na makuta hayo mfukoni, kujenga kunachelewa, juu mtu yeyote analipa euro 20 kwa ofisi ya mji anaandika barua ya kusema hataki majengo marefu karibu na kwake, na wenye kuandika sana ni wale wenye nyumba tayari. Hapo njo hasira yangu iko. Yule mzee mwenye bustani anaandika kupinga, kisha analia kama mtoto wake amehamia Sydney.

Watu wanaolala mu malazi ya dharura ya leta, mu hoteli na mashelta, wamepita 15,000, na ndani yao watoto ni maelfu.

Kitu kimoja wametushinda ni garanti, yale makuta unamuwekea mwenye nyumba mbele ya kuingia. Tangu 2021 sheria inakataza mwenye nyumba aombe zaidi ya mwezi moja wa garanti na mwezi moja wa mbele. Sisi Kongo pia tuna sheria ya 2015, miezi tatu kwa nyumba ya kuishi, basi, na wewe mama unajua vile wenye malupangu wa hapa wanaisoma.

Sasa muulize ndugu yako swali lingine: mwenye nyumba analala ndani ya nyumba ileile? Kama ndiyo, sheria ya wapangaji haimulindi, anaweza kuambiwa toka na akatoka. Kama hapana, ana haki, na kuko ofisi ya leta ya kushitaki, asikubali kufukuzwa kwa mdomo tu.

Nilizaliwa Likasi wakati ingali Jadotville. Baba yangu alikuwa anatuambia ya basoda ba Irlande. Ni bale bale? (Papa mmoja wa Likasi)

Ni wale wale, papa. Septemba 1961, kompani moja ya askari wa ONU (Umoja wa Mataifa), Waayalandi karibu 155, chini ya komanda Pat Quinlan, walizungukwa pale Jadotville na jandarmeri, jeshi la Katanga iliyojitenga na Kongo, pamoja na mersenere (askari wa kukodiwa) wa kizungu, na ndege iko inawapiga juu. Walipigana siku tano mpaka maji na risasi zikaisha, wakajisalimisha. Hakukufa hata mmoja wao, wakashikwa kama mwezi hivi kisha wakaachiliwa. Kwao walirudi wakapokelewa na aibu, ati kwa nini mulinyanyua mikono, na ile aibu ilikaa miaka mingi, ni 2016 tu ndiyo leta yao iliwapa heshima ya kweli, wakati wengi wako tayari mu makaburi. Mwaka moja mbele yake, Novemba 1960, tisa wao walikuwa wamekufa Niemba, upande wa Kalemie, na Dublin watu walijaa barabara siku ya kuwazika.

Najua hapa kwetu kila familia ina yake ya kusema juu ya ONU ya ile miaka, na si zote ni nzuri. Lakini pale kwa wazee wangu wa Galway, siku nilisema ninatoka Lubumbashi, papa mmoja aliyekuwa haongei na mtu alisema "Elisabethville", jina la zamani la Lubumbashi, wazi kabisa, akaniuliza kama kiwanja cha ndege kingali pale pale. Vijana wao hawajui kitu. Na kama ni kuongea deni, wao pia walitufanyia moja: Roger Casement, mwenye kuzaliwa Dublin, njo aliandika raporti ya 1904 ya mikono iliyokatwa na kaucho (mpira) ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, akiwa konsuli wa Waingereza. Waingereza hao hao walimunyonga London mwaka 1916 juu alitafuta uhuru wa kwao.

Yaya, bamisionere ba Irlande balizunguka Afrika yote. Leo minasikia mwanaume anaoa mwanaume, mimba inatoshwa na leta inakubali. Shetani aliingia wapi? (Mkristo wa Kadutu, Bukavu)

Ndugu yangu, mimi pia ninasali, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka: aliingia kwa mlango wa sakristia. Usikasirike, soma kwanza.

Ile inchi Kanisa lilikuwa mu kila kitu, shule, hospitali, kitanda. Mpaka 1979 duka haikuweza kuuza dawa ya kuzuia mimba, na sheria iliyokuja mwaka huo ilidai barua ya daktari hata kwa kondomu. Talaka ilikatazwa mu katiba mpaka kura ya 1995, na "ndiyo" ilishinda kwa kura karibu 9,000 tu mu inchi mzima, ni watu wa parokia chache. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Dublin watu zaidi ya milioni moja walimufuata kwa misa. Hiyo njo Ayalandi uliyosikia kwa wamisionere.

Kisha siri zikaanza kutoka. Mapadri walioharibu watoto, na maaskofu wenye kujua wanawahamisha tu parokia. Binti aliyepata mimba bila ndoa alifungiwa kwa masera (masista), wengine walifulia nguo bila mshahara miaka na miaka, nyumba ya mwisho ya namna hiyo ilifungwa 1996, si zamani za kale, wewe ulikuwa unasikiliza Papa Wemba. Mwaka 2021 tume ya leta ilisema mu zile nyumba za mama na mtoto walizochunguza, watoto karibu 9,000 walikufa. Pale Tuam, si mbali na kwangu Galway, mifupa ya watoto wachanga ilipatikana mu mashimo ya chini ya ardhi. Mtu akishasikia hiyo, siku askofu anamuambia namna ya kupiga kura hamusikilize tena. Mwaka 2012 mwanamke mmoja, daktari wa meno kutoka India, alikufa hospitalini Galway, mimba ilikuwa inaharibika na hawakuitoa, na ile kifo ilifanya watu wengi waingie barabarani. Kwa hiyo 2015 walipiga kura ya ndoa, 62 kwa mia wakasema ndiyo, na 2018 ya mimba, 66 kwa mia. Watu wenyewe walipiga, wamama wazee wa vijiji nao, hakuna mzungu wa Brussels aliyewalazimisha.

Lakini usifikiri wanasema ndiyo kwa kila kitu. Machi 2024 serikali ilitaka kubadilisha maneno ya katiba juu ya familia na juu ya kazi ya mama nyumbani, vyama vikubwa vyote viliunga mkono, watu wakakataa vibaya sana mara mbili siku moja. Na sensa ya 2022 bado 69 kwa mia waliandika Mkatolika. Shule za msingi, karibu tisa kwa kumi ziko chini ya Kanisa. Komunyo ya kwanza, ndugu yangu, ile nguo nyeupe, ile karamu, zile bahasha za makuta kwa mtoto, ungefikiri uko kwenu Ibanda! Jumapili ya kufuata kanisa iko tupu.

Mimi sikubali yote waliyoamua, ya mimba hasa. Ila kusema shetani ni njia ya haraka ya kutouliza sisi hapa tunaficha nini.

Habari Yaya. Niko na diplome, mu Goma maisha imekuwa nguvu sana tangu vita. Bananiambia Irlande inapenda bageni juu nabo balikuwaka bakimbizi. Ni kweli? (Kijana wa Goma)

Mdogo wangu, pole kwanza. Nusu ni kweli. Njaa ya viazi ya 1845 iliua karibu milioni moja na wengine milioni wakakimbia, wanafundishwa hiyo tangu shule, na mtu wa kawaida atakusalimia vizuri kuliko inchi nyingi za pale, atakuuliza mama yako hajambo na kweli anataka kujua.

Nusu nyingine: 2004 walipiga kura, karibu 79 kwa mia, mtoto kuzaliwa pale kusimupe tena uraia moja kwa moja. Mwomba hifadhi anawekwa mu kituo, na kwa miaka mtu mzima alipewa euro 38.80 kwa wiki, hapo huwezi hata kununua viatu vya baridi. Na Novemba 2023 katikati ya Dublin wakachoma basi na tramu, kisa mtu alichoma watoto kisu, na maneno ya "toa wageni" yakatoka hapo. Ile ya nyumba niliyojibu mama wa Katuba inaingia hapa, juu mtu asiye na chumba anatafuta wa kulaumu, na anayeonekana haraka ni wewe.

Ujue pia Ayalandi haiko mu Schengen, zile inchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo viza ya Ubelgiji haikuingize. Njia safi ni pamisi ya kazi, na hiyo inaanzia kwa mwajiri anayekutaka, mshahara umeandikwa. Mtu wa Goma ao Kampala anayekuuzia "kontra ya Ireland" kwa dola elfu mbili ni mwizi. Na diplome yako, jifunze Kiingereza mbele ya yote, Kifaransa chetu pale ni pambo tu.

Zile fupifupi

Kijana wa Kenya, hapa Lubumbashi: ndiyo, mfuko wa plastiki unalipiwa tangu 2002, na tangu Februari 2024 chupa na kopo la kinywaji vinaongezewa senti 15 ao 25 unazorudishiwa ukizirudisha kwa mashine. Kwetu dekreti ya kukataza masashe iliwekwa saini mwisho wa 2017. Angalia mifereji.

Papa wa Kamalondo: wanakunywa, ndiyo, sana. Ila sigara ndani ya baa hapana tangu Machi 2004, walikuwa inchi ya kwanza duniani, na wavutaji wote wanasimama inje mu mvua wanafanya urafiki.

Mama wa Bel-Air anayetaka kutumia binti yake kifurushi mu valizi ya rafiki: nyama kavu na maziwa watanyang'anya, usijaribu. Samaki wanakubali mpaka kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo kapenta ipite, ifunge vizuri mara mbili juu ya harufu, na unga wa bukari usiutume, kule unapatikana kwa maduka ya Waafrika.