Nikiachie kiwanda kila kitu, au ninunue vijenzi mwenyewe?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nimesanifu kifaa kidogo cha kupima joto na unyevu, chenye redio ya kutuma vipimo. Vifaa 50 vya kwanza nililehemu kwa mkono na vyote vinafanya kazi. Sasa nimepata oda ya vifaa 2,000. Kiwanda kimoja kinachounganisha bodi kwa mkataba kinasema nikipe faili tu. Kitanunua vijenzi, kitaunganisha, kitapima na kufungasha. Kingine kinataka nipeleke vijenzi mwenyewe, chenyewe kilehemu tu. Nichague kipi? Na vikitoka vibovu, hasara ni ya nani?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na hongera kwa oda. Kwa idadi hiyo ningekiachia kiwanda kinunue vijenzi, isipokuwa viwili vitatu nitakavyovitaja. Lakini kuna kazi mbili ambazo usikubali zitoke mikononi mwako hata ukiambiwa ni bure: orodha ya vijenzi na kipimo cha mwisho.

Nianze na sababu ya kuwaachia ununuzi. Ukipeleka vijenzi mwenyewe, unakuwa na deni la kila kipande. Mashine ya kupanga vijenzi hudondosha vile vidogo inapofanya kazi, kwa hiyo ukileta rezista 2,000 kamili kwa bodi 2,000, zitapungua na kazi itasimama. Chipu nazo zina mambo yake. Nyingi zikishatolewa kwenye pakiti isiyopitisha unyevu huanza kuhesabiwa saa. Za daraja la 3 la kuathiriwa na unyevu (MSL) hupewa saa 168, na zikizidisha lazima zikaushwe kabla ya kulehemiwa. La sivyo unyevu uliojipenyeza hugeuka mvuke ndani ya tanuri la kulehemia na kuipasua chipu kwa ndani, mahali usipopaona. Kama pakiti ulizifungua wewe ili kuhesabu, kiwanda kitakuambia kosa ni lako, na kitakuwa na haki.

Vile viwili vitatu nilivyosema ni kidhibiti kikuu (chipu inayoendesha programu yako), redio, na pengine sensa yenyewe. Hivyo vinunue mapema kwa msambazaji aliyeidhinishwa na aliyevitengeneza, au kitajie kiwanda msambazaji huyo kwa jina. Waliokuwa kwenye kazi hii mwaka 2021 wanakumbuka baadhi ya vidhibiti vilivyosubiriwa zaidi ya mwaka, na jinsi chipu bandia zilivyojaa kwa madalali. Rezista ikikosekana utapata nyingine. Kidhibiti kikikosekana huna kifaa.

Sasa orodha ya vijenzi, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu nimeumia. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwenye orodha yangu "kapasita ya seramiki, mikrofaradi 10", na ukubwa wake. Basi. Kundi la kwanza lilitoka safi. Kundi la pili, mnunuzi wa kiwanda akapata kapasita ya bei nafuu zaidi, thamani ileile, ukubwa uleule, ila ya volti 6.3 badala ya 16. Hakukosea kitu, maana alifuata nilichoandika. Kapasita za namna hiyo hupoteza uwezo kadiri unavyozipa volti, na tulipozipima kwenye volti 5 zilikuwa zimebakiwa na chini ya nusu. Kila redio ilipotaka kutuma, umeme uliyumba na kidhibiti kikajiwasha upya. Vifaa vilikuwa vimeshafika kwa wateja.

Kwa hiyo andika jina la mtengenezaji wa kila kijenzi na namba yake kamili, hadi herufi ya mwisho. Pembeni andika mbadala ambao umeujaribu wewe mwenyewe, na juu ya orodha uweke sharti kwamba hakuna kinachobadilishwa bila kibali chako cha maandishi. Orodha iwe na namba ya toleo na tarehe. Kiwanda hujenga kilichoandikwa. Kilichomo kichwani mwako hakikioni.

Kuhusu kipimo: ukiwaambia "pimeni", watawasha kifaa, wataona taa imewaka, wataweka muhuri. Vile vyangu vyenye kapasita dhaifu vyote viliwaka taa. Kamera ya ukaguzi hutambua kijenzi kilichokosekana au kilichogeuka, na eksirei huonyesha lehemu iliyojificha chini ya chipu, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojua kifaa chako ni cha kufanya nini. Tengeneza jigi lako (kifaa cha kupimia) lenye pini zinazogusa bodi, liingize programu, lipime umeme unaotumika kifaa kikiwa kimelala na kikiwa kinatuma, lisome sensa, litume ujumbe kwa redio, kisha lihifadhi matokeo kwa namba ya kila kifaa. Acha sehemu za kugusa kwenye bodi tangu sasa. Kuziongeza baadaye ni kusanifu bodi upya.

Ukishakuwa na hayo mawili, swali lako la hasara lina jibu. Mkataba utaje kiwango cha IPC-A-610, daraja la 2 kwa kifaa kama chako. Kiwango hicho kinahusu ubora wa kazi ya kuunganisha: lehemu, mkao wa vijenzi, usafi. Bodi isiyokifikia ni hasara ya kiwanda, na kijenzi kilichobadilishwa bila kibali pia ni chao. Bodi iliyounganishwa kikamilifu kwa faili zako na bado haifanyi kazi ni yako. Bila orodha yenye namba kamili na bila jigi, kila upande utamnyooshea mwenzake kidole, na wewe ndiye mwenye wateja wanaosubiri.

Usidanganyike na zile 50 za mkono. Mkono husubiri sehemu nzito ipate moto, tanuri halisubiri. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi hivi, na kama mguu mmoja wa rezista ndogo umeungwa kwenye shaba pana na mwingine kwenye waya mwembamba, upande mmoja huyeyuka kwanza na kuivuta rezista isimame wima. Kwa hiyo agiza bodi 50 za majaribio kwenye mashine zilezile zitakazotumika, uzipitishe kwenye jigi lako, ndipo uruhusu zilizobaki.

Mengine kwa haraka: stensili (bamba la kupakia lehemu kwenye bodi) na jigi ulivyolipia viandikwe kuwa mali yako. Ufunguo wa kusaini programu, yaani msimbo wa siri unaothibitisha kuwa programu ni yako, usitoke kwako. Namba za vifaa toa wewe, 2,000 tu, ili kusijengwe vya ziada.

Kabla hujasaini na yeyote, wapelekee wote wawili faili na uwaombe ripoti ya maandishi kuhusu ujengekaji wa bodi yako. Atakayejibu kwa bei peke yake mwache. Atakayekuuliza kwa nini pedi (sehemu ya bodi inapolehemiwa) ya rezista fulani imeunganishwa moja kwa moja na shaba, au ni mbadala gani unaukubali kwa kapasita ya redio, huyo mpe zile 50 za majaribio.