Kabla ya upanga, uliza farasi ni wa nani

Wewe unayeanza kusoma historia ya Wakosaki, nikuanzie na aibu yangu. Mwaka wa kwanza nilisimama mbele ya darasa nikawachanganya Wakosaki na Wakazaki wa Kazakhstan, mpaka mwalimu akaniuliza kwa upole namzungumzia nani hasa. Nilitamani ardhi ipasuke. Majina yote mawili yametoka shina moja la Kituruki, la mtu huru anayetangatanga, lakini watu ni mbalimbali kabisa. Wakosaki hawakuanza kama kabila. Wengi walikuwa watoro waliokimbilia nyika za mito Dnipro na Don, kwenye Ukraine na kusini mwa Urusi ya leo, wasifungwe kwenye mashamba ya mabwana.

Kwa hiyo kila ukikutana na neno hilo, uliza: wa wapi, wa mwaka gani? Wale wa Zaporizhia, chini ya maporomoko ya Dnipro, walichagua viongozi wao barazani, na walitisha majini kuliko juu ya farasi. Walivuka Bahari Nyeusi kwa mashua ziitwazo chaika, zimefungwa matita ya matete ubavuni zisizame, wakafika hadi viunga vya Istanbul. Katerina II, malkia wa Urusi, aliivunja ngome yao mwaka 1775. Wa Don nao walitoa waasi wakubwa, Stenka Razin na Pugachev, lakini karne ya 19 wajukuu zao ndio waliokuwa mkono wa Tsar, mfalme wa Urusi, wa kutawanya waandamanaji. Mtoro anageukaje mlinzi wa bwana? Hapo ndipo pa kuchimba.

Mimi nilipata mwanga kwenye hesabu, si kwenye nyimbo. Mkosaki alipewa ardhi na kusamehewa kodi ya kichwa. Alipoitwa jeshini alikuja na farasi wake, tandiko lake, sare yake na upanga wake, vyote kwa fedha za nyumbani. Kumwandaa kijana mmoja kuliweza kuifilisi familia. Ukiwasoma bila farasi huyo wa kununua, utaona ushujaa mtupu na hutaelewa kitu.

Ukipata nafasi makumbusho, simama mbele ya upanga wao, shashka. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani umevunjika: hauna kikinga mkono, na kipini kimezama karibu chote ndani ya ala. Unavaliwa makali yakitazama juu, ili kuchomoa na kukata liwe tendo moja. Tena si wao waliouanzisha. Waliuchukua kwa watu wa Kaukazi, milima iliyo kusini mwa Urusi, waliokuwa wakipigana nao, pamoja na lile koti refu lenye vifuko vya risasi kifuani.

Usiruke kurasa chungu. Uasi wa Bohdan Khmelnytsky, kiongozi wa Wakosaki wa Zaporizhia, dhidi ya utawala wa Poland mwaka 1648 ni fahari kwa Waukraine wengi. Kwa Wayahudi ni kumbukumbu ya mauaji. Soma pande zote. Mwaka 1919 ikawa zamu ya Wakosaki wenyewe, Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka Urusi, walipoamuru ugaidi dhidi yao huko Don.

Leo? Urusi ina sheria ya 2005 inayowaandikisha Wakosaki katika utumishi wa dola, na mwaka 2014 kule Sochi, wakati wa Olimpiki, dunia iliwaona wakiwachapa wanamuziki wanawake kwa mijeledi. Ukraine, kwa upande wake, huimba katika wimbo wa taifa kwamba wao ni ukoo wa Wakosaki. Ukiniletea insha iliyoandikwa "Wakosaki wanapigana Ukraine" bila kusema wa upande upi, nitakurudishia karatasi yako kabla sijageuza ukurasa.